Namna ya kuandika maoni ya anime zilizomalizika bila kumlaumu asiyehusika

Malizana kwanza na neno "msimu", maana linabeba mizigo miwili. Televisheni za Japani hupanga anime, yaani katuni za Kijapani, kwa robo za mwaka: Januari hadi Machi, Aprili hadi Juni, Julai hadi Septemba, Oktoba hadi Desemba. Wakati huohuo, anime ikirudi baada ya mwaka mmoja au mitano, huo nao tunauita msimu wa pili. Ukiandika "msimu huu umepwaya", msomaji hajui kama unaisema kazi moja au kila kilichorushwa kwa miezi mitatu. Tumia "robo ya Julai 2025" kwa kipindi, na "msimu wa pili" kwa kazi yenyewe. Majina ya majira ya Kijapani waachie wenyewe. Robo wanayoiita ya baridi huanza Januari, wakati Gulu, kaskazini mwa Uganda, jua linachoma na vumbi limetanda.

Robo ina wiki 12 au 13, ndiyo maana anime nyingi zina episodi 12 au 13. Kila episodi ni dakika 24 hivi. Wimbo wa kufungulia unakula sekunde 90, wa kufungia 90 nyingine, zinabaki dakika 21. Zidisha kwa 12: saa nne na dakika 12 za hadithi, basi. Ukitaka kusema mhusika fulani hakupewa muda, uwe unajua muda wenyewe ulikuwa kiasi gani. Anime ya Frieren ilikuwa na episodi 28, kuanzia Septemba 2023 hadi Machi 2024, na nne za mwanzo zilirushwa usiku mmoja. Ule mwendo wake wa taratibu ulikuwa na mahali pa kukaa. Kuudai katika anime ya episodi 12 ni kumdai mwenye ekari moja mavuno ya ekari mbili.

Na usiruke nyimbo kila wiki eti unaokoa bando. Chainsaw Man ya 2022 ilikuwa na wimbo tofauti wa kufungia kwa kila episodi kati ya zile 12. Aliyeziruka hana haki ya kusema lolote kuhusu muziki wake.

Daftari la wiki kwa wiki

Maoni huandikwa wakati wa kutazama. Siku ya mwisho ni ya kupanga tu. Kila episodi ikiisha, andika mistari mitatu kwenye simu: dakika iliyokushika na sababu yake, dakika uliyotamani kufungua WhatsApp, na unachodhani kitatokea. Inatosha kuwa hivi:

"Ep. 7. 14:20, muziki unakatika kabla hajajibu, kimya sekunde kama nane, safi sana. 18:05, wanaeleza tena sheria za uchawi, mara ya tatu sasa. Nadhani mwalimu ndiye msaliti."

Mstari wa tatu ndio watu huuacha, nao ndio wenye faida kubwa. Mwalimu akija kuwa msaliti kweli, daftari litakuonyesha kama mwandishi alitega dalili ukazinusa, au alificha kila kitu ili akushtue tu. Bila daftari, episodi ya mwisho ndiyo itakayokuandikia maoni: ikiwa tamu utasamehe wiki nne za kupiga miayo, ikiwa chungu utasahau wiki tisa nzuri.

Ikiwa uliitazama yote kwa mkupuo, sema wazi. Aliyesubiri siku saba kati ya episodi na aliyekesha nayo Jumamosi moja hawakuona kitu kilekile. Yale marudio ya matukio yanayomkera wa pili ndiyo yaliyomkumbusha wa kwanza alipoishia. Na umeme ukikatika au Yaka, umeme wa kulipia kabla, ikiisha katikati ya pambano, rudia kuanzia pambano lilipoanza, si pale skrini ilipozimika. Pambano lililokatwa vipande viwili huonekana legelege hata kama halikuwa hivyo.

Saa za Japani pia huwachanganya wengi. Ratiba zao huandika saa zinazopita 24: "Jumamosi 25:00" maana yake ni saa saba usiku wa kuamkia Jumapili. Japani iko mbele ya Kampala kwa saa sita. Toa 6 kwenye 25 upate 19, yaani saa moja jioni, na siku inabaki ileile iliyoandikwa, Jumamosi. Kosa la kawaida ni kusogeza siku kwanza halafu kutoa saa. Matokeo yake mtu anaingia kwenye kundi Jumapili jioni akidhani yeye ndiye wa kwanza kuona mwisho, kumbe wenzake walishalia jana.

Kilicho kwenye kazi na kilicho kwenye bando

Netflix hukadiria matumizi ya GB 0.3 kwa saa katika kiwango cha chini, 0.7 cha kati, na hadi 3 kwa HD. Episodi 12 pamoja na nyimbo zake ni saa nne na dakika 48, kwa hiyo hapo unazungumzia GB 1.4, au 3.4, au 14.4. Tangu Julai 2021 bando la Uganda lina kodi ya asilimia 12 ndani yake, na si ajabu kwamba wengi tunatazama kiwango cha chini. Hakuna aibu hapo. Tatizo linaanza pale unapoandika "michoro mibovu".

Kiwango cha chini kinaharibu mambo yaleyale kila mara. Usiku hugeuka vigae vya kijivu. Mvua, theluji na cheche huwa uji. Anga la machweo, ambalo rangi zake zinapaswa kufifia polepole, hukatika mistari kama ngazi. Kabla ya kulaumu, chagua dakika mbili za tukio lililokukera uzitazame tena kwa HD. Ni MB 100 hivi. Uchafu ukiondoka, futa ile sentensi.

Kuna kitu kingine ambacho HD haitakiondoa. Tarehe 16 Desemba 1997 episodi moja ya Pokémon ilirusha mwanga mwekundu na bluu unaopepesa kwa kasi, na watu zaidi ya 600, wengi wao watoto, wakapelekwa hospitalini. Tangu hapo televisheni za Japani zina masharti kuhusu mimweko, na mapambano yenye mwanga mwingi hurushwa yakiwa yamefifishwa, wakati mwingine na vivuli vinavyoburutika nyuma ya ngumi. Toleo la diski mara nyingi hurudisha mwanga. Ukiona pambano limegeuka jioni ghafla kwa sekunde chache kisha likarudi, hilo ni sharti la televisheni, si uvivu wa mchoraji.

Lugha nayo ina mitego yake. Kama uliitazama ikiwa imetafsiriwa na VJ, yule anayesimulia filamu kwa lugha yetu juu ya sauti yake, kwenye kibanda cha video au kwa flashi uliyojaziwa dukani, sehemu ya kicheko ulichocheka ni mali ya VJ: huongeza utani, huwabatiza wahusika majina ya mtaani, hufupisha maelezo. Msifu kwa hilo, ila usiandike kwamba mazungumzo ya anime ni mepesi au ni ya kuchekesha mpaka uisikie kwa Kijapani chake walau episodi moja. Wa maandishi ya chini naye asijione ameokoka. Mistari miwili ya maandishi haiwezi kubeba tofauti za heshima zilizomo katika Kijapani, na mtu anaweza kuonekana mkavu kumbe alikuwa anaongea kwa unyenyekevu.

Nani alaumiwe, nani asifiwe

Hapa ndipo maoni mengi huanguka. Neno "studio" hutumika kama gunia: kila kibaya kinatiwa humo. Simamisha orodha ya majina mwishoni mwa episodi uisome.

Nyuso zikibadilika kutoka tukio hadi tukio, tafuta sakuga kantoku, msimamizi anayesahihisha michoro ili wahusika wafanane. Episodi iliyopata muda huwa na wachache. Ukihesabu kumi na zaidi, mara nyingi kazi iligawanywa vipande dakika za mwisho ili iwahi kurushwa. Hapo kilichokosekana ni muda, na hivyo ndivyo uandike. Dalili kubwa zaidi ni episodi ya marudio isiyotarajiwa, au wiki zinazorukwa. Zom 100 ilianza Julai 2023 ikiwa na episodi 12, lakini tatu za mwisho zilingojewa hadi mwishoni mwa Desemba. Kuilinganisha na anime iliyokwenda bila kukatika, huku umelificha hilo, ni dhuluma.

Mwendo unaorukaruka peke yake si kosa. Sekunde moja ya video ina fremu 24, lakini anime kwa kawaida huchora 8 au 12 tu, na mchoraji huchagua wapi aongeze na wapi apunguze. Swali la kuuliza ni kama ngumi ilikuwa na uzito na kama mwili uliyumba ulipopigwa. Wapo wachoraji wanaokuaminisha kwa michoro minane, na wapo wanaoshindwa kwa 24.

Hadithi ikikimbia, wa kuulizwa ni yule wa mpangilio wa mfululizo, shirizu kosei, anayeamua sura ngapi za manga, kitabu cha katuni ambamo hadithi imetoka, ziingie katika episodi moja. Lakini fungua manga kwanza. Sura mbili au tatu kwa episodi ni kawaida. Zikifika tano, kuna vitu vimetupwa, na unaweza kuvitaja kimojakimoja. Kama udhaifu umo kwenye manga yenyewe, waliochora waliubeba tu.

Episodi moja ikiwaka kuliko nyingine zote, angalia nani alichora ekonte, ule mpango wa picha wa episodi, na nani aliiongoza. Watajwe kwa majina. Kumpa muongozaji mkuu sifa zote ni kama kumshukuru mwenye hoteli kwa rolex, chapati ya mayai, uliyokaangiwa nje ya lango.

Na pesa? Anime nyingi hulipiwa na kamati: mchapishaji wa manga, televisheni, kampuni ya muziki, wauza vinyago. Studio mara nyingi ni fundi aliyeajiriwa, na uamuzi wa kuwepo msimu wa pili hauko mkononi mwake. Chainsaw Man ya 2022 ni ya kipekee kwa sababu MAPPA, studio iliyoitengeneza, ilitoa fedha zote yenyewe. Kwingine, "studio ni bahili" ni sentensi isiyo na ushahidi.

Kuiandika sasa

Subiri siku tatu baada ya episodi ya mwisho. Rudia episodi ya kwanza na ya mwisho mfululizo, dakika 48, halafu soma daftari. Ahadi zilizotolewa mwanzoni utaziona zimelipwa au zimetelekezwa.

Kila hukumu iambatane na kitu kinachoonekana. "Ina michoro mikali na hadithi tamu ila mwisho umeharibu" inaweza kubandikwa kwenye anime mia. Linganisha na hii, ambayo ni mfano tu: "Episodi tisa zilijenga ugomvi wa ndugu wawili juu ya duka la baba yao, ya 12 ikaumaliza kwa barua iliyosomwa dakika moja na nusu." Hata asiyekubaliana nawe ana pa kukushika.

Alama kumi zitumike zote. Kwenye MyAnimeList, tovuti ambako watazamaji huzipa anime alama, 5 ni ya wastani na 7 ni nzuri, lakini watu hutoa 7 kwa kitu walichokisahau na 10 kwa kilichowaliza juzi. Weka alama yako, irudie baada ya mwezi. Ikishuka kwa mbili, ile ya kwanza ilikuwa ya msisimko.

Usimwage mtama. WhatsApp huonyesha mistari ya kwanza kwenye arifa, kwa hiyo anza na jina la anime, robo, na onyo: "kuanzia hapa natoboa hadi ep. 12". Kifo cha mtu kisiwe ndani ya mistari mitano ya mwanzo, wala kwenye picha uliyoambatanisha.

Kwa robo nzima, anime tano zinatosha kuandikiwa kwa kina. Zile ulizoziacha njiani zitaje mwishoni, kila moja na namba ya episodi uliyoishia na jambo lililokutoa, bila alama yoyote. Chini ya episodi tatu usizitaje kabisa: tatu ni dakika 63 za hadithi, robo kamili ya kazi ya episodi 12, na pungufu ya hapo hujatazama, umechungulia.