Somo: Insha ianzie mdomoni

Nafundisha Kiswahili darasa la nne, upande wa Temeke. Kila mwanzo wa mwaka napokea insha ileile kwenye madaftari themanini: "Jana nilienda sokoni. Nikanunua vitu. Nikarudi nyumbani. Mama alifurahi." Mwandiko safi, nukta zipo, soko ndilo halipo. Hizi ndizo hatua zangu, na chaki na daftari vinatosha.

Hatua ya 1. Asimulie kabla hajashika penseli. Wakae wawiliwawili, kila mmoja amsimulie mwenzake kitu alichokiona asubuhi njiani. "Hapo zamani za kale" marufuku. Dakika tano tu. Kelele zitakuwepo, mwalimu mkuu akichungulia dirishani, mwambie ndilo somo lenyewe.

Hatua ya 2. Libane neno "vitu". Hapa ndipo penye kazi, msipaharakishe. Kijana mmoja alinisomea insha yake ya sokoni, nikamuuliza:
"Vitu gani?"
"Nazi."
"Nani alichagua?"
"Mama."
"Alijuaje kama ni nzima?"
Hakujibu. Aliinua mkono hadi sikioni, akautikisa. Darasa zima likacheka, maana hiyo wote wanaijua. Nikamwambia, andika huo mkono. Akaandika: "Mama aliitikisa nazi sikioni akasikia maji. Nyingine haikulia akairudisha." Mkato ulikosekana. Sikuugusa siku ile.

Hatua ya 3. Sentensi tano, aruke mstari mmoja kila baada ya mmoja. Mstari mtupu ni wa marekebisho.

Hatua ya 4. Ajisomee kwa sauti. Akiishiwa pumzi katikati, hapo panadai nukta.

Hatua ya 5. Sahihisha kosa la aina moja tu. Wiki hii maneno yaliyokatwa vibaya: "ana soma", "nita kuja". Wiki ijayo h iliyomezwa: "alafu", "apa". Ukilijaza daftari wino mwekundu, mtoto anatazama maksi na kulifunga.

Hatua ya 6. Anakili upya. Sasa ndipo uangalie mwandiko.

MASWALI

Mwalimu, Mbagala: Mwenzangu, mimi nina zaidi ya mia. Nitasahihisha lini?
Jibu: Usisahihishe yote. Chukua safu moja kwa siku. Waliobaki wabadilishane madaftari, watafute lile kosa moja la wiki. Watoto ni wakali kuliko sisi.

Mzazi, Tabata: Shikamoo mwalimu. Wangu anaandika "nlienda" na "ndo", kama tunavyoongea.
Jibu: Marahaba. Masikio yake ni mazima, anaandika anachokisikia. Mpigie makofi: ni-li-e-nda, makofi manne, herufi zote zitatoka. "Ndo" iruhusu mtu anapoongea, ndani ya alama za kunukuu.

Mwalimu, Kigamboni: R na l zimenishinda.
Jibu: Imla ya majozi: kura na kula, mahari na mahali. Kila neno ulitungie sentensi. Baba aliyekwenda kupiga kula anawachekesha, na wakishacheka hawasahau.

Mwalimu, Buguruni: Darasa la kwanza je?
Jibu: Hapana, bado. Mtaala wa 2015 uliweka Kusoma, Kuandika na Kuhesabu mbele katika darasa la kwanza na la pili, na mimi nauunga mkono. Achore, aandike neno moja chini ya picha. Lakini kusimulia aanze leo.

Mzazi, Mbezi: Wangu anasema hana cha kuandika. Anatoka nyumbani kwa gari la shule, anarudi nalo.
Jibu: Muulize kuhusu hilo gari.

Mzazi, Mbezi: Nimemuuliza. Eti dereva anafutia kioo soksi.
Jibu: Sentensi ya kwanza hiyo. Muulize ni soksi ya nani.