Chuo cha Marekani: Alama Zinakusanywa Kila Wiki

Kijana aliyetoka kidato cha sita na daraja la kwanza, au aliyepata A kwenye KCSE, anaweza kumaliza muhula wake wa kwanza Marekani akiwa na wastani wa kuogopesha. Mara nyingi tatizo si akili wala Kiingereza. Amekuja na mazoea ya kusoma kwa ajili ya mtihani mmoja mkubwa. Vyuo vingi vya Kenya huupa mtihani wa mwisho alama 70 kati ya 100, na vya Tanzania mara nyingi 60, kwa hiyo aliyelegea wiki kumi bado ana nafasi ya kukesha na kujikomboa. Huko aliko sasa nafasi hiyo ni finyu.

Chukua kozi ya kawaida: kazi za kila wiki alama 20, majaribio mafupi 15, kushiriki darasani 10, mitihani miwili ya katikati ya muhula 30, mtihani wa mwisho 25. Asiyewasilisha zile kazi za kila wiki, hata akipata asilimia 85 katika kila kitu kingine, anaishia na 68. Katika vyuo vingi hiyo ni D. Akijitutumua apate 100 kwenye mtihani wa mwisho, bado hafiki 72. Vijikazi anavyovidharau kwa kuwa ni rahisi ndivyo vinavyomwangusha.

Ndiyo maana silabasi, yaani karatasi ya kila kozi yenye tarehe, sheria na mgawo wa alama, isomwe kama mkataba wa nyumba. Wiki ya kwanza, kabla hujanunua hata kitabu, kusanya silabasi zote, hamishia tarehe zote kwenye kalenda moja, kisha tia alama wiki ambazo kazi tatu au nne zinagongana. Muhula una wiki kama 15. Msongamano huwa karibu na wiki ya 7 au ya 8, na tena wiki mbili za mwisho. Angalia tarehe zilivyoandikwa: Wamarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo 10/9 ni tarehe 9 Oktoba, si 10 Septemba. Na kazi inayotakiwa Ijumaa 12:00 a.m. inatakiwa saa sita usiku, Alhamisi inapogeuka Ijumaa. Anayesubiri Ijumaa jioni atakuta mtandao wa chuo umeshafunga mlango.

Muda nao uhesabiwe kwa kalamu. Krediti ni kipimo cha uzito wa kozi, na moja inakadiriwa kuwa saa moja darasani na saa mbili za kujisomea kila wiki. Krediti 15 kwa muhula, ambazo ndizo zinazomwezesha mtu kumaliza krediti 120 za shahada ya kwanza kwa miaka minne, ni saa 45 kwa wiki. Hiyo peke yake ni ajira kamili. Mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi, anaruhusiwa kufanya kazi chuoni hadi saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea, na jumla inakuwa 65. Wenye ukaazi wa kudumu wana mtego mwingine: zamu za usiku kwenye nyumba za kutunzia wazee, ambako ndugu zetu wengi hupata riziki. Zamu tatu za saa 12 ni saa 36. Ukijumlisha na masomo unafika 81, na kinachokatwa ni usingizi, halafu darasa la asubuhi. Mtu wa hali hiyo ni heri achukue krediti 6 au 9 na kupata B kuliko achukue 15 na kurudia kozi mbili kwa kulipa upya. Aulize kwanza ofisi ya misaada ya fedha, maana msaada hupungua krediti zikipungua.

Kisha kuna suala la kunyamaza. Kwetu mwanafunzi mwenye adabu husubiri aulizwe, na kumfuata mwalimu ofisini hudhaniwa ni kwenda kuadhibiwa. Marekani ukimya huo husomeka kama hujajiandaa au huna haja. Kila silabasi inataja saa ambazo profesa anakaa ofisini kusubiri wanafunzi, na mara nyingi anakaa peke yake. Nenda wiki ya pili au ya tatu, si siku moja kabla ya mtihani. Beba daftari lenye swali ulilojaribu, hata kama limekosewa. Ukisema “sijaelewa chochote” atarudia mhadhara uliokuacha njiani. Ukisema “nimefika mstari wa tatu, sioni kwa nini alama ya kutoa imegeuka kujumlisha”, dakika tano zinatosha. Zaidi ya hapo, maombi ya ufadhili na ya shahada ya uzamili kwa kawaida hudai barua mbili au tatu za maprofesa, na profesa hawezi kuandika la maana kuhusu mtu aliyekaa kimya kiti cha nyuma.

Barua pepe zina taratibu zake. Kwenye kichwa weka namba ya kozi na jambo lenyewe, anza na Profesa pamoja na jina lake la ukoo, uliza swali katika sentensi mbili, maliza na jina lako kamili. Salamu zetu ndefu za kuulizia afya na familia ni nzuri, ila hapo zinazika swali.

Katika kusoma kwenyewe, kurudia kurasa kwa kalamu ya rangi kunaleta hisia ya kuelewa tu. Funga kitabu, andika unachokumbuka kwenye karatasi tupu, kisha fungua uone mapengo. Rudia kesho yake, baada ya siku tatu, na baada ya wiki. Hesabu na kemia zifanywe jibu likiwa limefunikwa.

Tahadhari na kusaidiana. Kumpa mwenzako kazi yako “aangalizie” kwetu ni utu. Chuoni ni kosa, na mara nyingi wote wawili mnaadhibiwa. Kunakili sentensi za kitabu bila kutaja chanzo ni kosa vilevile, hata kama shuleni ulisifiwa kwa kukariri neno kwa neno. Programu za akili mnemba kila profesa ana sheria yake. Isome silabasi ya kozi hiyo, si ya rafiki yako.

Simu za nyumbani zinahitaji ratiba pia. Nairobi na Dar es Salaam ziko mbele ya mji kama Minneapolis, katikati ya Marekani, kwa saa 8 majira ya joto na saa 9 majira ya baridi, kwa hiyo anayepiga baada ya chai ya asubuhi anakuamsha usiku wa manane. Panga Jumapili saa tatu asubuhi. Kwao ni saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, na wengi wako nyumbani. Kiasi cha kutuma kwa michango ya harusi na misiba kiamue mwanzoni mwa muhula, ada ikishatengwa.

Kozi ikikushinda kabisa, kuiacha na kuandikiwa W, alama ya aliyejiondoa, ni afadhali kuliko F, kwa sababu W haiingii kwenye wastani. Tarehe ya mwisho imo kwenye kalenda ya chuo. Lakini mwenye F-1 wa shahada ya kwanza hatakiwi kushuka chini ya krediti 12 bila idhini ya mapema ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Mwenye 15 akiacha kozi ya krediti 3 yuko salama. Mwenye 12 akiacha moja amebaki na 9, na anaweza kupoteza hadhi yake ya viza hata kama kozi zilizobaki zote ana A. Aende ofisi hiyo kwanza, arudi na idhini, ndipo ajiondoe kwenye kozi.