Kubuni Ghorofa la Zege kwa Slabu Zenye Matundu, Malindi

Katika majumba ya kale ya Lamu, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mkoko. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Slabu zenye matundu, yaani vipande vya zege vya sakafu vyenye mianya mirefu ndani, ambazo hufinyangwa kiwandani juu ya nyaya za chuma zilizokwisha kuvutwa, huondoa kizuizi hicho: slabu ya unene wa milimita 200 huweza kuvuka takriban mita 7 kwa mzigo wa nyumba ya kawaida, ingawa jedwali la mtengenezaji ndilo la kufuatwa.

Kabla ya kuchora chochote, hakikisha lori na kreni vitafika kiwanjani. Malindi kwa kawaida inawezekana; katika vichochoro vya Lamu ya kale, usijisumbue.

Panga nafasi kati ya nguzo ziwe mara kamili za upana wa slabu, ambao aghalabu ni milimita 1200, ili usilazimike kuzikata kwa urefu. Jambo linalopuuzwa mno ni mkao: ncha ya slabu ilale juu ya boriti ya zege kwa milimita 75 au zaidi, na nondo za kufungia zipitishwe kwenye maungio kati ya slabu kabla ya kujazwa zege laini. Juu yake mwaga tabaka la milimita 50 lenye wavu wa chuma, kwa mchanga usio na chumvi, kamwe si wa ufuoni. Toboa vitundu upande wa chini wa slabu, kwani maji ya mvua za masika hutuama ndani ya mianya yake na kuchuruzika darini miezi baadaye.