Jinsi ya kuzidaka zile dakika ndogo za nyumbani na watoto kabla hazijapita

Kwenye simu yangu kuna picha zaidi ya 4,000 za binti yetu, nimejua juzi memori ilipogoma. Amelala, ameamka, amelala tena kwa ubavu mwingine. Lakini kuna neno alikuwa analisema, "toksi", yaani soksi, kila asubuhi anakuja anarukaruka kwa mguu mmoja anasema baba toksi, na hilo neno sina popote. Sikulirekodi hata siku moja. Asubuhi moja akaja akasema soksi, imenyooka kabisa kama mtangazaji wa taarifa ya habari, nikamwambia hebu sema kama zamani akanitazama tu kama vile mi ndo sijui kuongea. Toksi ikaishia hapo.

Kwaiyo haya nnayoandika ni ya mtu aliyezubaa kwa mtoto wa kwanza na sasa anajaribu kujirekebisha kwa wa pili, mi sio mtaalamu wa malezi. Wazazi wenzangu wenye wadogo mnaijua hii hali, siku haiishi, unaangalia saa ni saa nne tu asubuhi na ushachoka, alafu ukigeuka mtoto anavaa viatu mwenyewe.

Cha kwanza kabisa, acha kutafuta muda wa ziada. Haupo. Nilipoteza miezi nikisubiri siku ambayo nyumba ni safi, kazi zimeisha, kila mtu kashiba na hakuna anayelia, ndo nikae nicheze na mtoto, na siku hiyo haikuja na ilipokaribia kuja mi nikasinzia. Raha nyingi za nyumba yenye watoto zimejibanza humo humo kwenye kazi utakazozifanya utake usitake, kubadilisha nepi, kuogesha, kuvalisha, kulisha, kukunja nguo. Fanya hivi: chagua kazi moja kwa siku, moja tu, uifanye polepole kuliko kawaida yako. Nyingine zote piga chapchap na usijilaumu. Ukisema utazifanya zote kwa utulivu utachemka siku ya pili na utaacha.

Yangu ni kuogesha. Nilichagua hiyo kwa sababu haina mbadala, mikono imelowa, simu huwezi kushika, uko hapo tu. Andaa kila kitu kabla mtoto hajagusa maji, taulo, nepi, mafuta, nguo, viwe mahali mkono unafika. Anza na maji ya baridi kwenye beseni ndo uongeze ya moto, sio kinyume, alafu koroga na uchovye kiwiko sio kiganja, maana kiganja cha mtu mzima kimeshazoea moto kinadanganya. Yakiwa vuguvugu tu, nyuzi kama 37 hivi, yaani karibu na joto la mwili, yanatosha. Na ukigundua umesahau taulo chumbani, mtoe mtoto mwende wote. Usimwache hata ule muda wa kusema nakuja, maji ya kina kidogo sana yanaweza kumzamisha mtoto na mara nyingi anazama kimya kimya bila kupiga kelele.

Ukishamaliza hayo ya usalama ndo utulie uangalie. Juzi nilikuwa namwogesha mdogo, ana miezi 14, nikachukua kikombe nikamimina maji kutoka juu, ule uzi wa maji unashuka. Akanyoosha mkono akaukamata. Akafumba ngumi kwa nguvu kabisa, akaileta karibu na uso, akafumbua. Hakuna kitu. Akaniangalia mimi, kwa ule uso wa mtu aliyeibiwa. Nikamimina tena, akakamata tena, akafumbua, hakuna, akacheka. Tulienda hivyo mpaka maji yakapoa na vidole vyake vikakunjamana, na siku nyingine zote ningekuwa nimeshamtoa, nimeshampaka mafuta, nimeshamaliza, na nisingejua kuna mtu nyumbani kwangu anafanya utafiti kuhusu maji.

Kitu cha pili ni uso wako, na hapa itabidi tuongelee simu, samahani. Mtoto mchanga anaona vizuri kwa umbali wa kama sentimita 20 mpaka 30, ukipima ni kama pale uso wako ulipo ukiwa umempakata. Mbali ya hapo dunia kwake ni ukungu. Kwaiyo wewe ndo mandhari yake yote, hata kama hujachana nywele. Ukimleta umbali huo ukaongea naye taratibu, ukanyamaza, ukamsubiri, kwenye wiki ya 6 mpaka ya 8 hivi atakujibu kwa tabasamu la kweli, sio lile la usingizini. Kusubiri ndo siri yenyewe. Sisi watu wazima tunaongea mfululizo, mtoto anahitaji sekunde kadhaa za kujipanga, ukimwachia nafasi utaona mdomo unaanza kuchezacheza, miguu inapiga, alafu inatoka sauti. Kicheko cha sauti kinakuja kwenye miezi 3 au 4, na kikianza jamani mtafanya mambo ya kijinga hapo nyumbani ili kukisikia tena. Mke wangu alipiga chafya wiki nzima za kuigiza.

Kuna mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Edward Tronick, miaka ya 1970 alifanya jaribio moja ambalo mi likinijia kichwani naweka simu chini mwenyewe. Mama anacheza na mtoto vizuri, alafu anaambiwa akaushe uso, amwangalie mtoto lakini asitabasamu, asiongee, asijibu kitu. Mtoto anamwita mama yake kwa kila mbinu aliyonayo, anatabasamu, anapiga kelele, anaponyoosha mikono hapati kitu, anageuka pembeni, mwisho analia. Mama wa kwenye jaribio hakuwa na simu, zilikuwa hazijaja, lakini angalia uso wa mtu anayesoma meseji alafu uniambie tofauti iko wapi. Sisemi utupe simu, mi mwenyewe naandika hii kwenye simu. Nachofanya ni kuiweka juu ya kabati pale tunapoogesha na pale tunapolaza, na sauti imezimwa, basi. Hizo mbili tu. Nilijaribu kuizima jioni nzima nikashindwa siku ya kwanza. Na kwa upande wa watoto wenyewe, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri wa chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi.

Sasa tuje kwenye kijiko. Mtoto yuko kwenye kiti anakula, anaangusha kijiko. Unaokota. Anaangusha. Unaokota, unasema usiangushe. Anaangusha huku anakuangalia usoni. Zamani nilikuwa nachukulia ni ukorofi, kumbe anasoma. Anataka kujua kikianguka kinaenda wapi, kinalia vipi, na je baba ataokota kila mara. Jean Piaget, yule Mswisi aliyezaliwa 1896 ambaye nadharia zake bado zinafundishwa vyuoni, sehemu kubwa ya mambo aliyoandika kuhusu akili za watoto aliyapata kwa kuwaangalia watoto wake watatu wakicheza nyumbani, anaficha kitu chini ya kitambaa anaona kama mtoto atakitafuta. Kwaiyo hata wewe ukikaa sakafuni unaangalia tu hujapoteza muda. Jinsi ya kufanya: weka kijiko cha ziada mezani, kile cha kula kiwe mkononi mwako na kile cha kuangusha kiwe chake. Okota mara tano au sita kwa moyo mweupe, ukichoka sema kijiko kimelala na ukiweke pembeni. Kuna siku utaokota mara moja tu na hiyo nayo sawa.

Jaribu pia kujificha uso kwa kitambaa. Mtoto wa miezi minne anaweza kukuangalia tu, kwenye miezi 8 hivi anaanza kujua kuwa kitu kikifichwa bado kipo, na hapo ndo mchezo unanoga kwa sababu anakusubiri, anajua uko nyuma ya kitambaa ila hana uhakika utatokea lini. Chelewa kidogo. Ile sekunde ya kuchelewa, macho yametoka, pumzi kaibana, ndo utamu wote uko hapo.

Kwa wakubwa kidogo, wale wa miaka mitatu minne, mbinu ni kinyume chake, usiingie. Kila mzazi anajua kimya kingi kina mshindo, nyumba ikinyamaza ghafla unajua kuna ukuta umechorwa. Lakini chungulia kwanza kabla hujaingia na ukali. Kama hakuna hatari, hakuna kisu, maji, umeme wala kitu kidogo cha kumezwa, simama hapo mlangoni dakika moja. Wiki iliyopita nilichungulia nikakuta mdogo kapakiwa kwenye kapu la nguo chafu, dada mtu anasukuma kwa kichwa, nguo zote ziko chini, anamwambia abiria tunafika sasa hivi usilie, na abiria halii wala nini, kavaa soksi yangu mkononi mpaka kwenye kiwiko. Ningeingia pale na "nani kamwaga nguo" ningeua safari. Nguo niliokota baadaye, zilikuwa chafu tayari, zingechafuka nini zaidi.

Na kuna siku hakuna dakika yoyote ya kudaka, tusidanganyane. Mtoto analia tangu alfajiri, hana homa, kala, nepi kavu, kabebwa, na wewe damu inachemka. Hapo usilazimishe furaha. Mlaze chali kitandani kwake mahali salama pasipo na mito wala mablanketi mazito, toka chumbani dakika chache, vuta pumzi, nawa uso, alafu rudi. Kulia dakika chache akiwa salama hakumdhuru, kumtikisa kwa hasira kunaweza kumuumiza ubongo hata kumuua. Kama una mwenzako mwamshe mpokezane, usijifanye shujaa.

Kuhusu mwenzako sasa. Sisi tulikuwa tukishawalaza watoto tunakaa kila mtu na simu yake, au tunaongea madeni. Siku hizi kabla ya hayo madeni kila mmoja anamwambia mwenzake kitu kimoja alichokiona leo ambacho mwingine hakuwepo. Kimoja, kidogo. Leo kasimama dede akaachia meza akasahau kama kaachia, alipokumbuka akaanguka. Leo kauliza kama mwezi unalala uchi. Inachukua dakika tano na mara nyingi tunaishia kucheka kwa kuziba midomo maana ukuta mwembamba, ukiwaamsha umekwisha.

Mwisho ni namna ya kuweka, na hapa ndo pananiuma mwenyewe. Watu wazima wengi kumbukumbu yao ya kwanza kabisa ni ya umri wa miaka mitatu hivi au zaidi, ya nyuma ya hapo yanafutika. Yaani hiyo miaka ya beseni na kijiko mtoto hatakuwa nayo kichwani, anayebaki nayo ni wewe, na wewe mwenyewe hulali vizuri unasahau hata umeweka wapi funguo. Kwaiyo punguza picha, ongeza sauti. Picha utapiga tu bila hata kukumbushwa. Sauti inataka ufanye makusudi: washa rekoda, weka simu kifudifudi mezani, endelea na maisha. Usimwambie sema tena kwa ajili ya simu, atanyamaza au atafanya maigizo. Dakika moja inatosha, mara moja kwa wiki. Alafu hapo hapo badilisha jina la faili, weka jina la mtoto, mwezi na mwaka, na neno moja la kukukumbusha, kwa sababu faili lenye namba ndefu hutalifungua milele. Tuma nakala kwa mwenzako na uweke nyingine mahali nje ya simu, simu zinaibiwa, zinaanguka ndooni. Na tafuta daftari la kawaida, sio zuri sana maana zuri utaogopa kuliandika, liweke jikoni na kalamu imefungwa kwa uzi. Mstari mmoja ukipata. Letu lina madoa ya mafuta na kuna kurasa binti kachora juu ya maandishi, tumeacha hivyo hivyo.

Rekodi ya mdogo nnayoipenda ina sekunde 11. Anasema tauyo, ndo taulo hiyo, dada yake anamrekebisha tau-LO, yeye anajibu tauyo, dada mtu anasema la-le-li-lo-lu, kimya kidogo, maji yanasikika yanachuruzika kwenye beseni, alafu tena, kwa msisitizo zaidi, tauyo.