Mbwa wa jirani anayezurura: mambo ya kuzingatia kabla hajauma

Mtu akishamwogopa mbwa wa jirani, kitu cha kwanza anachotafuta ni fimbo. Fimbo ina kazi yake, lakini haitangulii. Kinachoamua kama jino la mbwa litaacha kovu au litaleta msiba ni maswali mawili ya kuulizwa mapema, mchana, watu wakiwa wametulia. Mbwa huyu amechanjwa lini? Na chanjo ya binadamu ya kichaa cha mbwa inapatikana wapi hapa karibu?

Kwa watu wa Lindi na Mtwara, kusini mwa Tanzania, swali la kwanza ni zito kuliko linavyodhaniwa. Mikoa hii iliwahi kuwemo kwenye mradi mkubwa wa kutokomeza kichaa cha mbwa uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani kuanzia 2010, na mbwa wengi walichanjwa. Lakini ufuatiliaji wa ugonjwa huku kusini umeonyesha jambo ambalo sehemu nyingine za nchi halionekani sana: mbweha nao wana sehemu kubwa katika visa vya kichaa. Kwa hiyo mbwa anayelinda mikorosho kule porini, akapigana na mbweha usiku na asubuhi akarudi mtaani, si sawa na mbwa asiyetoka uani. Ukisikia mbweha ameonekana kijijini mchana kweupe, hakimbii watu, hiyo ni habari ya kumpelekea afisa mifugo siku hiyohiyo.

Kuhusu chanjo ya mbwa, omba kuona kadi. Jibu la "alishachomwa" halitoshi, kwa sababu sindano hurudiwa kila mwaka, na aliyechomwa miaka minne iliyopita hesabu yake ni ya asiyechanjwa. Angalia tarehe, na uangalie kama maelezo ya mbwa, yaani rangi, jinsia na umri, yanalingana na huyo anayekukimbiza. Nyumba yenye mbwa watatu aghalabu hutoa kadi ya mmoja. Mwenye mbwa asiye na kadi aende kwa afisa mifugo wa kata, au asubiri kampeni, ambazo mara nyingi hupangwa kuzunguka Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, 28 Septemba. Bahati mbaya tarehe hiyo huwakuta watu wengi wameshahamia mashambani kuokota korosho, na mbwa wao wako hukohuko. Anayetaka mbwa wake wachanjwe itabidi apange siku ya kuwashusha mjini.

Swali la pili huwa halifikiriwi mpaka damu inatoka. Si kila zahanati ina chanjo ya kichaa, wala si kila kituo cha afya. Mtwara mjini anza kuulizia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Ligula. Lindi mjini, Hospitali ya Sokoine. Ukiwa Liwale, Nanyumbu, Newala au Tandahimba, ulizia hospitali ya wilaya, na usikubali jibu la "ipo" peke yake. Uliza kama ipo leo, dozi moja ni shilingi ngapi, wanachoma ndani ya ngozi au msulini, na kama wana imunoglobulini, ile sindano ya kinga inayochomwa kwenye kidonda chenyewe. Andika majibu pamoja na namba ya simu ya kitengo husika, ubandike nyuma ya mlango.

Njia ya kuchoma ndiyo inayopanga nauli. Ratiba fupi ya ndani ya ngozi ni siku ya 0, ya 3 na ya 7, ambapo siku ya 0 ni siku ya sindano ya kwanza, sio siku ya kuumwa. Ile ya msulini huendelea hadi siku ya 14, na kwa ratiba nyingine hadi ya 28. Mtu wa kijiji cha ndani anahesabu safari tatu hadi tano, kwenda na kurudi, pengine na mtoto na msindikizaji. Wengi hukatisha dozi katikati kwa kukosa nauli, na si kwa kuogopa sindano. Hesabu hiyo ifanywe sasa, na pesa ijulikane itatoka wapi.

Baada ya hapo ndipo umjue mbwa mwenyewe. Mbwa mkali ana saa zake na sababu zake. Chukua daftari, kwa wiki mbili andika alipokukuta, saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, nani alikuwepo. Mara nyingi utaona mpangilio. Yupo anayekuwa mkali alfajiri tu, wakati waumini wanakwenda msikitini na wavuvi wanatoka pwani, kwa kuwa hufunguliwa usiku na mwenyewe hachelewi kulala ila huchelewa kuamka. Mwingine hukimbiza kila kinachokimbia: bodaboda, baiskeli, watoto. Jike lenye watoto huuma karibu na shimo lake na si kwingine, na baada ya wiki chache hutulia. Madume yakifuata jike lenye joto hutembea kwa kundi, na kundi ndilo la kuogopa kweli, maana mbwa ambaye peke yake asingethubutu hupata moyo akiwa na wenzake. Kisha kuna matumbo ya samaki yanayomwagwa nyuma ya nyumba. Ukiyamwaga wewe, usimlaumu jirani kwamba mbwa wake anashinda kwako. Yafukie kina cha mkono.

Daftari hilo litakusaidia pia mbele ya viongozi, kwani malalamiko yenye tarehe na saa hayabishiwi kama malalamiko ya jumla.

Ukikutana naye njiani, usikimbie. Mbwa ana kasi kuliko wewe, na mgongo unaokimbia ndio unaomwita. Simama, geuka ubavu, usimkodolee macho, mikono chini. Sogea nyuma hatua fupi fupi mpaka awe mbali, huku ukiweka kitu kati yenu: kikapu, ndoo, mwavuli, mkoba. Mwenye baiskeli ashuke, baiskeli iwe ukuta. Wa bodaboda apunguze mwendo badala ya kupiga teke, kwani teke ndilo linaloangusha pikipiki. Kuinama kama anayeokota jiwe hufanya kazi kwa mbwa wengi wa huku, wameshalijua jiwe tangu wakiwa wadogo. Lakini kumrushia kila siku ni kumfundisha kwamba mtu mwenye sura yako ni adui, na kesho atakuanza yeye. Fimbo ya urefu wa kiuno inyooshwe mbele ili aume fimbo, usiizungushe. Tochi yenye mwanga mkali alfajiri inafaa kuliko fimbo, maana unamwona kabla hajakufikia.

Watoto wanahitaji mazoezi, si maneno. Wafundishwe kusimama kama mnazi, kimya, mikono imeshikana tumboni; na wakiangushwa, wajikunje kama kobe, magoti kifuani, ngumi zikifunika masikio na shingo. Fanyeni hivyo uani mara kadhaa, iwe mchezo. Mtoto mfupi huumwa usoni, shingoni na kichwani, na kidonda cha huko ndicho kibaya zaidi kwa kichaa kwa sababu virusi vina safari fupi kufika kwenye ubongo. Waambieni pia kwamba kulambwa kwenye mchubuko ni jambo la kusema nyumbani. Watoto wengi huficha kwa kuogopa kuchapwa, hasa kama wao wenyewe ndio waliomchokoza mbwa. Anayechapwa leo kwa kusema ukweli hatasema tena.

Kumwendea jirani nako kuna adabu yake. Usiende siku umekimbizwa. Nenda jioni, piga hodi, salimia, kaa, ndipo ulete hoja, na kama mmeshawahi kukwaruzana, ongozana na mtu mzima anayeheshimika na pande zote mbili. Usianze na "mbwa wako mkali", kwa sababu mwenye mbwa atajibu kwamba hapo kwake hamumi mtu, na pengine ni kweli. Anza na tukio: juzi Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, pale kwenye kona. Kisha taja unachoomba, kichache na cha kupimika: afungwe kuanzia saa fulani mpaka fulani, tundu la uzio lizibwe, kadi ionekane. Kwa majirani Waislamu kuna pia suala la mate ya mbwa na twahara, yaani usafi wa kidini, na mwenye mbwa asiye wa dini hiyo huenda hajui kwa nini mwenzake anakasirika kwa kuguswa tu nguo. Elezeni bila kutukanana.

Uzio wa makuti au mabua humzuia kuku, mbwa hapana. Hupenya chini. Ziba kwa mawe au matofali yaliyofukiwa kina cha sentimita 30 kuzunguka, na geti lishuke karibu na ardhi. Kamba ya katani hutafunwa usiku mmoja. Minyororo ndiyo ya kutumia, yenye kiungo kinachozunguka ili isijikunje ikamkaba. Tatizo la mnyororo mfupi ni kwamba mbwa aliyefungwa juani siku nzima bila maji huzidi ukali, na siku mnyororo ukikatika ndipo huuma kweli. Kilicho bora ni waya mnene uliokazwa kati ya miti miwili, mita 8 hadi 10, juu ya kichwa cha mtu, na pete inayoteleza juu yake ikiwa imeshika mnyororo unaomwezesha kulala chini. Anapata pa kutembea, kivuli na maji, na getini hafiki. Pete izuiwe mita moja kabla ya kila mti, vinginevyo atajizungushia kwenye shina. Dume likihasiwa na mtaalamu wa mifugo hupunguza kuzurura kufuata majike, ingawa ukali uliozoeleka haufutiki kwa kisu.

Jirani akikataa, panda ngazi kwa utaratibu: balozi wa nyumba kumi, mwenyekiti wa mtaa au kijiji, mtendaji, na nakala kwa afisa mifugo wa kata. Muulize mtendaji kama halmashauri yenu ina sheria ndogo kuhusu mbwa wanaozurura na faini yake, uisome, usisimuliwe. Juu ya hapo ipo Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inayomhesabia kosa mtu anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Polisi wanaingia hapo. Kitu kimoja kisifanyike kabisa: sumu. Nyama iliyotiwa dawa ya wadudu ya mikorosho haichagui. Itaokotwa na kuku, na paka, na mtoto anayetambaa. Na kumuua mnyama wa mtu kinyume cha sheria ni kosa litakalokugeuza wewe kuwa mshtakiwa katika kesi uliyokuwa umeshaishinda.

Mwisho, kifaa cha dharura. Ni kipande cha sabuni ya mche, kopo, na dumu la lita 20 lenye maji wakati wote, mahali panapojulikana na kila mtu nyumbani. Mtu akiumwa au kuparurwa, kidonda kioshwe hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa kutazama saa. Dakika 15 ni ndefu. Wengi huacha ya tatu. Povu lifike ndani ya tundu la jino, kwa kuwa virusi vya kichaa havistahimili sabuni. Kisha ayodini au spiriti. Usitie pilipili, mafuta ya taa, wala jiwe jeusi, na usitie udongo kidondani: suala la kujitwaharisha kwa udongo mpelekee sheikh baadaye, kwani udongo hubeba pepopunda. Kidonda kisikazwe kwa bandeji wala kushonwa haraka kabla mhudumu hajakiona. Nenda hospitali siku hiyohiyo. PF3, fomu ya polisi ya aliyejeruhiwa, ichukuliwe kituoni kwa ajili ya kesi, lakini isicheleweshe sindano. Mtu mwingine wa nyumbani anaweza kuifuatilia. Na hata kama wiki imepita tangu kuumwa, bado nenda, kwani dalili kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu kujitokeza, na zikishajitokeza hakuna tiba.

Mbwa aliyeuma asiuawe kama anaweza kufungwa salama. Vijana wa mtaa hukimbilia panga, na hapo mnapoteza kipimo cha bure kuliko vyote: siku 10 za kumwangalia. Mbwa mwenye kichaa kwenye mate huonyesha dalili au hufa ndani ya muda huo. Angalia sauti iliyobadilika, taya lililolegea, mate yanayochuruzika, kutafuna mawe na vijiti, miguu ya nyuma kuyumba. Kuogopa maji ni dalili ya binadamu. Mbwa mwenye kichaa anaweza kabisa kunywa, au kujaribu. Akifa, asizikwe kabla afisa mifugo hajaitwa, na asiguswe kwa mikono mitupu wala kukatwa kichwa na mtu asiye mtaalamu. Sampuli ya ubongo ndiyo inayothibitisha. Chanjo ya aliyeumwa haisubiri siku hizo 10. Inaanza siku ya kwanza, na mbwa akifika siku ya 11 akiwa hai na mzima, mpelekee mhudumu taarifa hiyo kwa maandishi ya afisa mifugo ili aamue kama dozi zilizobaki zisitishwe.