Somo: Kupima roboti la kuungana kabla ya kulinunua, na kulisimamisha ukishalipata

Wakuu, tangu midoli ya mtumba ianze kupatikana kwa wingi pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, swali moja linarudi kila wiki: maroboti yanayogeuka magari, kisha yakaungana matano au sita kuwa jitu moja, je, huko kuungana kunayaongezea ubora au kunayaharibu? Jibu langu nalitoa mapema. Kuungana ni faida pale tu ambapo kila roboti dogo limebaki roboti kamili. Hatua zinazofuata ni za kukusaidia kulijua hilo ukiwa bado umesimama mbele ya muuzaji.

Historia fupi kwanza. Kampuni ya Hasbro ilianza kuuza Transformers, ndiyo haya maroboti yanayogeuka, Marekani mwaka 1984, maumbo mengi yakitoka kwa kampuni ya Takara ya Japani. Mwaka 1985 akaja Devastator, jitu la mitambo sita ya ujenzi: buldoza, kijiko, kreni, tipa, loda na gari la kuchanganyia zege. Mwaka 1986 yakafuata makundi kama la Superion na la Menasor, ambako kiongozi ni kiwiliwili na wenzake wanne ni mikono na miguu. Uzuri wa mpango huu wa pili ni kwamba yeyote kati ya wale wanne anaweza kuwa mkono au mguu. Kwangu mimi hapo ndipo ufundi wa kuungana ulipokomaa.

Hatua ya 1: Ligeuze kila roboti kivyake

Usianze na jitu. Muuzaji atakuonyesha jitu kwa sababu ndilo linalovuta macho. Mwombe alitenganishe, kisha shika moja moja. Gari likiwa gari, magurudumu yote yaguse meza. Likiwa roboti, lisimame bila kuegemea kitu, kichwa kigeuke, kiwiko kikunjike.

Hapa mengine yanaanguka palepale. Devastator wa mwaka 2009, yule mkubwa aliyeuzwa kama seti moja, magari yake hayana umbo la roboti kabisa. Ni gari, halafu ni kipande cha jitu. Mfululizo wa Power Core Combiners wa mwaka 2010 nao ilikuwa na seti za kiongozi mmoja aliye roboti na magari manne ambayo yanajua kuwa mikono na miguu tu. Mimi hizo sizihesabu kuwa maroboti yaliyoungana. Ni jitu lililogawanywa vipande.

Hatua ya 2: Ligeuze mgongo

Kila kifaa cha kuungania lazima kikae mahali wakati roboti liko peke yake: kichwa cha jitu, pini nene, ngumi, nyayo. Roboti lililobuniwa vizuri linavificha tumboni au linavigeuza silaha. Lile baya linavibeba mgongoni kama gunia la viazi, linaelemewa nyuma na kuanguka. Kwenye mfululizo wa Combiner Wars wa mwaka 2015 ngumi, unyayo na bunduki ni kipande kimoja kinachogeuzwa, wazo zuri sana, ila kinachomoka na kupotea. Kwenye mtumba hicho ndicho utakachokikosa. Uliza kabla ya kutaja bei.

Hatua ya 3: Jaribu nyonga

Hapa nakaa kidogo, maana hapa ndipo gharama ya kuungana inapolipwa.

Chukua Silverbolt wa mwaka 2015, kiongozi wa Superion. Akiwa peke yake ana miguu miwili ya kawaida. Akiwa kiwiliwili, miguu yake inakuwa mapaja ya jitu, na chini yake wanachomekwa wenzake wawili. Nyonga ni ileile. Iliyokuwa inabeba mwili mmoja sasa inabeba kiwiliwili, kichwa cha jitu na maroboti mawili yaliyogeuka mikono, tena juu ya mguu mrefu zaidi. Ukiunyanyua kando mguu uliorefuka mara mbili, nguvu inayoipinda jointi inaongezeka mara mbili hata kama uzito haukubadilika. Na hapa uzito nao umeongezeka.

Mbunifu afanyeje? Akiikaza sana, roboti dogo linakuwa gumu mkononi na mtoto hawezi kulikunja. Akiilegeza, jitu linakaa chini. Wengi wanaweka jointi yenye meno ndani, ile inayolia kak-kak. Inashika vizuri, lakini inasimama kwenye meno tu, si katikati yake. Kwa hiyo unatanua miguu ya jitu, nyonga inashika, halafu unyayo unagusa meza kwa ukingo mmoja. Dawa ni kifundo cha mguu kinachoinama kando. Kama hakiinami, jitu litasimama miguu imebanwa, au halitasimama.

Jaribio lenyewe: shika kiwiliwili kwa mkono wa kushoto kikiwa na mguu uliochomekwa, unyanyue mguu kando, uachie. Ukibaki, nunua. Ukishuka polepole, unatengenezeka. Ukianguka huku meno yakitoa mlio hafifu wa kuteleza, yameshalika, mrudishie mwenyewe.

Hitimisho langu baada ya kushika mengi ni kwamba anayeumia ni kiongozi. Wale wanne wa mikono na miguu mara nyingi hawapotezi kitu: wanaongezewa pini moja na kazi ya pili. Kiwiliwili ndicho kinachonenepa, kinakuwa na mapaja ya boksi na kifua kilichojaa mikunjo.

Hatua ya 4: Unganisha kuanzia chini

Miguu kwanza. Isimamishe ikiwa imechomekwa kwenye kiwiliwili, hakikisha nyayo zimelala, ndipo uweke mikono. Ukianza na mikono, uzito wa juu utakuwa unayumba wakati unahangaika na magoti. Pini isukume wima hadi ilie tak. Usiizungushe ikiwa nusu ndani.

Hatua ya 5: Kaza iliyolegea

Kwa bolijointi (jointi yenye kitufe cha mviringo kama mpira) iliyolegea, paka rangi ya kucha isiyo na rangi, safu nyembamba, iache ikauke kabisa kabla ya kurudisha. Usiisafishe kwa asetoni, inayeyusha plastiki. Jointi ya meno kwanza kaza skrubu yake kwa bisibisi ndogo ya nyota.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Uyole: Mkuu, nimepata wanne wa Combiner Wars, kiongozi hayupo. Ninunue au niache?

Nunua, kaka, kama wamepita hatua ya 1. Pini zao ni za mtindo mmoja, watachomeka kwa kiongozi yeyote wa ukubwa wa kati wa mfululizo huo, hata wa Power of the Primes ya mwaka 2018. Usitegemee waingie kwa wale wa mwaka 1986. Na hata kiongozi asipopatikana, una maroboti manne mazima.

Mwanachama, Iringa mjini: Kaka habari. Mwanangu ana miaka sita na anataka jitu. Nimchukulie lipi?

Nzuri, dada. Mengi ya matano-matano yameandikwa miaka 8 kwenda juu, na ni haki: pini ngumu, vipande vidogo vingi. Mtafutie ya kuungana mawili, kama ya mfululizo wa Energon wa mwaka 2004, ambako roboti moja linakuwa nusu ya juu na jingine nusu ya chini, kisha mnabadilishana. Ni manene kidogo, lakini kwa mikono midogo unene huo ni msaada. Kama nyumbani yupo wa chini ya miaka mitatu, bunduki zifungie kabatini.

Mwanachama, Makambako: Asubuhi nimegeuza langu, kishikio kikakatika. Halikuwa na ufa. Tatizo nini?

Pole sana, mkuu. Huko kwenu mwezi wa saba plastiki inalala kwenye baridi kali, na ikipoa inapoteza ulaini. Liache kwanza chumba kipate joto, au lishike viganjani, ndipo ugeuze. Tahadhari zaidi na sehemu za plastiki angavu, ile inayopitisha mwanga kama kioo. Usilianike juani wala kulisogeza kwenye jiko la mkaa. Kishikio chenyewe, kama kimekatika safi, supa gluu itakishika kwa kuonyesha tu, haitabeba uzito wa jitu.

Mwanachama, Soweto Mbeya: Mkuu, sikubaliani na wewe. Mimi naweka jitu kabatini, sigeuzi. Roboti dogo linanihusu nini?

Basi kwako Devastator wa 2009 hana kosa, mchukue kwa moyo mweupe. Ila ungemtazama na yule wa mwaka 2015: kila mtambo wake una umbo la roboti, na jitu linafika kama sentimita 46. Anaonyesha kuwa ukubwa haulazimishi kuyatupa yale madogo. Pima rafu yako kwanza, na uache nafasi pembeni, mabega yake ni mapana.