Kabla ya fainali ya Budapest, cheki saa kwanza

Wadau, najua wengi kichwani mshaweka kwamba fainali ya Klabu Bingwa Ulaya ni saa 4 usiku, maana ndo tulivyozoea, unatoka mihangaikoni, unaoga, unakula, unajilaza kidogo, alafu taratibu unaelekea kwenye mpira. Mwaka huu ukifanya hivo utakuta watu wanakunja viti. Fainali ya 2026 ipo Puskás Aréna, Budapest, Jumamosi ya Mei 30, na UEFA wameiwahisha masaa matatu, inaanza saa 12 jioni kwa saa za kule, kwetu Dar, Nairobi na Kampala ni saa 1 usiku. Wa Bujumbura, Kigali, Goma na Lubumbashi saa yenu ni moja na ya Budapest kwa hiyo ni saa 12 jioni hiyo hiyo, na ndugu zetu wa Muscat saa 2 usiku. Walichosema UEFA ni kwamba wanataka mashabiki wawahi usafiri wa kurudi na wenye watoto nao waweze kwenda uwanjani. Sawa, kwao.

Kwetu sasa hiyo saa 1 ndo yenye mambo. Saa 4 usiku remoti ilikua ya kwako bila mjadala, watoto wamelala, mama kachoka, sebule nzima yako. Saa 1 usiku watoto wapo kwenye katuni, kuna mtu ana tamthilia yake hajawahi kuikosa hata siku moja, na ukijumlisha dakika anazoongeza refa na mapumziko, kipindi cha pili kinaanza saa 2 na dakika chache hivi, yaani taarifa ya habari ndo kwanza inaingia, na kama unaishi na mzee nyumbani unajua hapo hakuna kubishana. Kwa hiyo mazungumzo ya remoti yaanze mapema, wiki nzima kabla, sio unakuja saa 1 kasoro dakika tano unasimama mbele ya tivii kama askari. Mimi mzee nishamuahidi redio mpya ya betri, ataisikiliza habari yake nje barazani kwenye upepo, na amekubali japo ameniangalia vibaya.

Wenye maduka nao, saa 1 ndo biashara inachanganya, wateja wa unga na mafuta ya kula wote wanakuja muda huo, tafuta mtu wa kukushikia. Na kwa Waislamu, kwa Dar Isha inaingia kipindi cha kwanza kikiendelea, Isha ina muda mrefu ila swala ya jamaa msikitini ndo itakupita, kila mtu apange na nafsi yake. Alafu Idi Kubwa kwa kalenda inaangukia siku chache tu kabla, karibu na Mei 27, kwa hiyo Jumamosi hiyo mifuko itakua imetoboka, kama unalipia king'amuzi lipia kabla ya Idi, hela ikishaonja pilau hairudi.

Kitu kingine watu wamesahau ni kwamba fainali inaweza isiishe dakika 90. Tangu 2016 kule San Siro, Real Madrid na Atlético walipofika mpaka penalti, hakuna fainali iliyovuka dakika 90, hata hii ya Munich 2025 PSG walivyomchapa Inter 5-0 na mpira ukawa umeisha mapema tu. Watu wamezoea vibaya. Bingwa anatakiwa apatikane siku hiyo hiyo, zikitoka sare zinaongezwa 30, bado sare, penalti, kama Chelsea 2012 pale pale Munich, Drogba kasawazisha dakika ya 88 na bado penalti ya mwisho kaipiga yeye. Kwa hesabu yangu zikienda mpaka penalti kombe linanyanyuliwa karibu saa 4 usiku, kwa hiyo chaji, petroli, bando, vyote piga hesabu ya masaa matatu na sio mawili.

Hili la petroli nalisema kwa uchungu. 2022, Liverpool na Real Madrid pale Paris, mtaani kwetu umeme ukakatika jioni, tukachangishana buku buku kwenye kibanda umiza kimoja, banda la kuonyeshea mpira, mwenye kibanda akapima petroli ya jenereta kwa kijiko kabisa, kuanzia saa 4 mpaka saa 6 na kidogo. Kumbe kule Stade de France mashabiki wamebanwa getini, mabomu ya machozi yanapigwa, mechi ikachelewa dakika 36, na sisi jenereta linanguruma tunaangalia uwanja mtupu. Bao la Vinícius tuliliona. Baada ya hapo giza. Zile sevu za mwisho za Courtois ambazo dunia nzima inazisifia mimi nilikuja kuziona kesho yake kwenye simu ya mtu. Kwa hiyo kama unaenda kibandani uliza mapema kuhusu jenereta, na wahi nafasi, saa 11 na nusu uwe umekaa.

Wa kuangalia kwa simu, kumbuka picha ya intaneti inachelewa nyuma ya dishi, jirani atapiga kelele za goli wakati kwako ndo kwanza wanarusha mpira wa pembeni. Zima na magrupu ya WhatsApp.

Kwenye mkeka, wale wa kubeti, soma vizuri ulichochagua. Ukiweka timu fulani ishinde, kampuni nyingi zinahesabu dakika 90 na zile za refa basi. Lisbon 2014 Atlético wanaongoza bao la Godín, dakika ya 93 Ramos akaruka kichwa, 1-1, zikaongezwa 30 Real wakamaliza 4-1. Kombe kabeba Real ila mkeka wa kawaida unasoma sare. Nani atabeba kombe ni chaguo jingine kabisa, lipo pembeni, na odi zake huwa ndogo. Hela ya luku, ya umeme, usiiguse lakini.

Na wachache wenye bahati ya kwenda wenyewe: tiketi ni kwa UEFA na klabu zenyewe, ya mtu wa mtandaoni achana nayo, na tiketi haikupi viza, kwa pasi zetu unahitaji ya Schengen na ya siku za mwisho mwisho hupati. Hungary wanatumia forinti, sio yuro. Metro namba 2 inakushusha uwanjani kabisa, afadhali kuliko Istanbul 2023 ambako uwanja upo mbali na mji na watu waliteseka barabarani.

Shemeji yangu nimeshamwambia mara tatu kuhusu hii saa 1, jana kanitumia meseji, "saa 4 tukutane pale pale." Nimemjibu sawa.